Anyelwisye Kayuni, Aliyetafuta wa Kumshinda

Ndugu wafiwa, wachungaji, wazee wa Isongole, na ninyi mliotoka Tunduma, Chapwa, Mlowo na ng'ambo ya mpaka: barabara ya kupanda huku mmeiona wenyewe, na wengi wetu hatujapata usingizi tangu Jumanne. Maelezo haya ya maisha ya marehemu yaliandikwa yawe mafupi. Yamerefuka kwa agizo la mjane wake, Mama Jenista, kwa sababu tangu wageni walipoanza kufika jana kuna maneno yanayozunguka kwenye moto wa wanaume na kwenye mafiga ya wanawake. Inasemwa kwamba moyo wa mzee ulivunjwa na mtu mmoja, tena kiwanjani, mbele ya umati, na kwamba mtu huyo ni mkwe wake, Mwalimu Lusubilo. Mama Jenista ameomba jambo hilo lielezwe lilivyokuwa kabla udongo haujarudishwa. Litafika mahali pake. Tuanze alikoanzia marehemu.

Marehemu Anyelwisye Isaka Kayuni alizaliwa hapa Isongole tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Isaka Kayuni na Bibi Tusekile. Alizaliwa wakati wa mvua, siku ambayo mto ulikuwa umefurika, na mkunga alifika mtoto akiwa ameshajifungulia njia mwenyewe. Bibi Tusekile alizoea kusema kwamba mwanawe huyo hakuwahi kumsubiri mtu.

Mwaka 1940 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1944. Alikuwa msomaji mzuri, na mwandiko wake wa mviringo umejaa kwenye madaftari ya geti la Tunduma hadi leo. Lakini wenzake wa darasani wanamkumbuka zaidi kwa kipande cha ubao alichotembea nacho. Alikuwa akipiga magunzi ya mahindi kwenye ukuta wa kanisa, moja baada ya jingine, mpaka mzee wa kanisa alipotoka siku moja na kumwuliza, "Wewe, ukuta umekukosea nini?" Akamjibu kama anavyojibiwa baba, "Hautaki kukosa, tata. Kila ninachopiga unarudisha." Alichapwa viboko vitatu, akahamia kwenye ukuta wa shule.

Mwaka 1946 aliteremka kwa miguu hadi Mbozi kutafuta kazi kwenye mashamba ya kahawa ya walowezi. Alichuma kahawa msimu mmoja. Msimu wa pili akapelekwa klabu ya Wazungu kuokota mipira ya tenisi. Aliokota mipira kwa miaka sita, na kwa miaka hiyo sita hakuacha kutazama. Mwaka 1952 mlowezi mmoja alishikwa na malaria, mchezo wa wanne ukabaki na watatu, wakamwita marehemu asimame tu mahali pa mgonjwa. Walimwambia apige polepole. Polepole hakuijua. Kufikia mwaka 1958 hakukuwa na mtu katika klabu ile aliyeweza kumshinda, ingawa jina lake halikuandikwa kwenye ubao wowote, na chai yake aliendelea kuinywa kwenye mlango wa jikoni. Baada ya Uhuru walowezi walianza kuondoka. Mmoja wao alimwachia raketi mbili, neti yenye viraka, na jiwe zito la mviringo la kushindilia uwanja. Raketi na neti alizibeba kichwani. Jiwe lililetwa na lori baadaye, na dereva alilalamika njia nzima.

Mwaka 1963 aliajiriwa na Idara ya Forodha pale Tunduma, kwanza mfungua geti, kisha karani wa geti, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini bila barua hata moja ya onyo. Malori ya mafuta ya kwenda Zambia yalipoanza kufuatana kama siafu, alikutana na dereva mmoja kutoka Tanga, Yahaya, ambaye leo yuko hapa mbele yenu. Lori la Yahaya liliharibika Tunduma, likakaa wiki tano kungoja kipuri. Katika wiki hizo tano watu hawa wawili walitengeneza kiwanja cha tenisi kule Chapwa. Walivunja vichuguu vitatu, wakatwanga udongo wake, wakauchanganya na mavi ya ng'ombe, wakaumwagia maji, wakaushindilia kwa lile jiwe. Kiwanja cha udongo wa kichuguu ni kizuri kuliko saruji, lakini hakivumilii uvivu. Kila asubuhi kifagiliwe, kinyunyiziwe maji, mistari ipakwe chokaa. Kikiachwa wiki mbili kinapasuka.

Kwa hiyo Yahaya akaweka sheria. Kila mwaka siku ya Saba Saba watu wa Tunduma na watu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, watashindania birika la bati alilolinunua sokoni. Atakayelichukua atachukua pia ufagio na kopo la chokaa, na kiwanja kitakuwa mikononi mwake mpaka atokee wa kumshinda. "Anayetaka kujivuna," alisema Yahaya, "na afagie."

Marehemu alilichukua birika mwaka 1966, akalitetea kila mwaka hadi mwaka 1973. Mara nne alimshinda Bwana Osward, karani wa forodha wa upande wa Zambia, mtu mrefu ambaye hata leo mkimtazama pale nyuma mtaona anavyowazidi watu kwa kichwa. Fainali ya mwisho mafundi wa reli waliacha kazi zao, wakasimama kutazama, na mchezo ulichukua saa tatu.

Marehemu alifunga ndoa na Jenista tarehe 18 Agosti 1956, na Mungu akawapa watoto, Ipyana akiwa wa kwanza. Mama Jenista hakuwahi kuupenda mchezo huo wala kuuchukia. Aliujua kwa upande wa nyumbani: goti la kulia lililovimba kila Julai, maji ya moto na chumvi, mume asiyeweza kuchuchumaa. Jioni ya ile fainali ya mwaka 1973 alimkanda kama kila mwaka. Alipomaliza akaikunja khanga yake.

"Baba Ipyana, umeshinda mara nane."

"Mara nane."

"Na mimi nimekanda mara nane. Ya tisa utajikanda mwenyewe."

Marehemu alikuwa na miaka arobaini na miwili. Alicheka, kisha akaona kwamba mkewe hacheki. Mwaka uliofuata, mwaka ule wa watu kuhamia vijijini, wakati kila mtu alikuwa ameshika nyundo na nyasi za kuezeka, alitangaza kwamba ametundika raketi. Watu walimsifu. Walisema ameondoka kama mtu mzima, goti likiwa bovu lakini jina likiwa zima.

Hapa ndipo palipokuwa na kosa, na halikuwa kosa la mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa amefikiria sheria ya Yahaya inasemaje kuhusu bingwa anayeacha bila kushindwa. Vijana walicheza fainali ya mwaka 1974, mmoja wao akashinda, marehemu akampelekea birika, ufagio na kopo. Kijana alirudi nyuma hatua mbili. "Hapana, mzee. Nitachukuaje? Mimi sijakushinda wewe." Mwaka uliofuata jibu likawa hilo hilo. Nakonde nao wakasema hivyo hivyo. Bwana Osward alikuwa amehamishiwa Kasama, na aliporudi nywele zake zilikuwa nyeupe.

Basi marehemu akafagia. Kila asubuhi kabla ya kwenda getini alipita Chapwa akafagia kiwanja asichocheza, akanyunyizia maji aliyoyabeba mwenyewe, akapaka chokaa mistari ambayo vijana wangeikanyaga jioni na kuiacha hivyo. Mwaka mmoja, miaka miwili, miaka minane. Ukaja wakati wa shida, sabuni ikawa ya foleni, mipira ya tenisi ikawa haina manyoya, vijana wakacheza na vipara vya mipira, marehemu akafagia. Mama Jenista anasema mumewe hakuwahi kulalamika, na kwamba hilo lilimtisha zaidi. Alirudi nyumbani akiwa amechoka uchovu usioisha kwa kulala. Alikuwa ameacha kucheza. Ubingwa ndio uliokuwa haujamwacha.

Mwezi Machi 1982 daktari alimwambia kwamba moyo wake umepanuka na asifanye kazi nzito. Mama Jenista aliikuta kadi ya hospitali kwenye mfuko wa koti, akaisoma, akairudisha. Mwezi Mei marehemu akaishusha raketi ukutani na kusema atacheza Saba Saba.

Rafiki zake wawili walimkalisha kwenye benchi la pale kiwanjani. Bwana Osward alikuwa amevuka mpaka kwa kazi hiyo tu.

"Kwetu Nakonde watu wanakukumbuka hujashindwa," alisema. "Mpaka watoto wanajua. Kwa nini uwanyang'anye kitu chao?"

"Wao wanakumbuka," marehemu akajibu, "mimi ninafagia."

Yahaya akadakia. "Sasa wewe mzee, hebu nieleweshe. Ukishinda, utafagia mpaka siku ya kufa. Ukishindwa, watasema Kayuni kaishiwa, kajiaibisha uzeeni. Unatafuta nini?"

"Natafuta wa kunishinda."

"Wa kukushinda wewe na goti hilo? Wamejaa! Ngoja nikamwite Fatu mke wangu, ameshaosha vyombo."

Walicheka wote watatu. Lakini Bwana Osward hakukubali, na hajakubali hadi leo. Anasema bingwa akishatoka na akae na watazamaji, maana anayerudi huwa haji yeye, unakuja mwili wake tu. Yahaya anasema mtu ana haki ya kuumaliza mchezo wake mwenyewe. Wamebishana hivyo safari nzima kutoka Tunduma hadi hapa, na familia haitawaamulia.

Kijana aliyekuwa bora kuliko wote wakati huo alikuwa Lusubilo, mwalimu wa shule ya msingi kule Mlowo, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Mwezi huo huo wa Mei alikuwa amemtuma mshenga kuleta posa ya Enesi, binti wa marehemu. Mnaweza kuliona tatizo lilipokuwa. Siku ya Saba Saba Lusubilo alisimama upande wa pili wa neti akamwona baba wa mchumba wake, na mkono wake ukakataa. Alipiga mipira kwenye neti. Alipiga nje, kisha akampigia mzee makofi. Watu wa Nakonde walipaza sauti, "Bashikulu! Bashikulu!" yaani babu, mwanzoni kwa kejeli na mwishoni kwa shangwe, na marehemu akashinda sita kwa nne, sita kwa nne. Wakambeba na birika lake hadi sokoni.

Aliporudi nyumbani hakula. Mshenga alipofika kesho yake kumpongeza na kuuliza habari ya posa, marehemu hakumpa kiti.

"Mwambie mwalimu wako posa yake irudi Mlowo."

"Mzee, kijana amekosa nini? Amekuheshimu!"

"Amenihurumia. Mimi sikukosa mtu wa kumwoza binti yangu. Nimekosa mtu wa kunishinda. Aje tarehe ishirini na nne acheze kweli. Akinishinda, aoe. Akiniachia tena, asikanyage hapa."

Enesi alilia siku tatu. Lusubilo aliposikia alisema afadhali angeambiwa alete ng'ombe thelathini.

Sasa ndugu, sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo maneno ya jana yalipoanzia. Jumamosi tarehe 24 Julai 1982, wengi wenu mlikuwepo. Mlimwona Lusubilo akicheza kama mtu mwenye hasira. Alipiga kona hii, akapiga kona ile, hakumpa mzee nafasi ya kuvuta pumzi, hakutabasamu, hakusema pole. Sita kwa sifuri, sita kwa moja. Dakika arobaini. Kisha mkamwona marehemu akiketi chini katikati ya kiwanja, akishindwa kuinuka, na mkamwona Lusubilo amesimama kando kama nguzo, mikono nyuma, hata hakumshika. Ni Yahaya aliyemwinua. Siku ile ile watu walianza kusema, na waliposikia Jumanne kwamba mzee amefariki, wakaendelea pale walipoishia. Kwamba mwalimu alimkimbiza baba mkwe wake kama mbuzi. Kwamba hakuwa na huruma. Kwamba moyo ulipasukia pale.

Mama Jenista anasema hivi. Siku mbili kabla ya mchezo ule alimwita dada yake, Ruti, akamwonyesha ile kadi ya hospitali. Yeye mwenyewe asingeweza kwenda kwa Lusubilo. Desturi yetu mnaijua: mama mkwe hakai na mkwe, hasemi naye uso kwa uso, na mkwe hamgusi baba mkwe mwilini. Akamtuma Ruti hadi Mlowo, na maneno aliyomtuma ni haya:

"Mwambie kwamba baba yake Enesi ana moyo mbovu, na hatakubali kuacha mpaka ashindwe. Simwombi amwonee huruma. Akimwonea huruma mchezo utakuwa mrefu, na mrefu ndio utakaomwua. Amshinde haraka. Asimchoshe."

Ruti anasema Lusubilo alisikiliza akiwa ameshika chaki, akauliza swali moja tu: "Na baba akijua?" Ruti akamjibu, "Hatajua. Na wewe hutasema." Hakusema. Hakusema siku ile mlipomzomea. Hakusema siku ya harusi yake, tarehe 11 Desemba, wazee wawili walipokataa kumpa mkono. Hakusema jana, akiwa amekaa peke yake nyuma ya ghala wakati ninyi mnaota moto. Alisimama kama nguzo kwa sababu hakuruhusiwa kumshika, na Yahaya, aliyemwinua mzee, ni shahidi kwamba ile mikono ya nyuma kijana alikuwa ameikamata mwenyewe kwa nguvu.

Marehemu alimkabidhi Lusubilo kiwanja jioni hiyo hiyo. Asubuhi ya Jumapili hakwenda Chapwa. Aliamka jua limeshapanda, akaketi mlangoni, akamwuliza mkewe, "Mama Ipyana, watu wasio na kazi asubuhi hufanya nini?" Akaambiwa hunywa uji. Akanywa uji. Alistaafu kazi ya forodha mwezi Juni 1983, akarudi hapa Isongole kulima maharage kidogo na kuketi sana. Watu waliokuja kumpa pole kwa kushindwa aliwashangaa.

Maradhi ya moyo yalimzidi kuanzia Septemba 1984. Alilazwa mara mbili, na madaktari walieleza kwamba moyo ulikuwa umechoka miaka mingi kabla ya mchezo wowote wa mwaka 1982. Miguu ilivimba, kupumua kukawa kazi. Kuelekea Krismasi Mama Jenista aliona hawezi kumwacha mumewe aondoke na jambo asilolijua, akamweleza habari ya Ruti na ile safari ya Mlowo.

"Kumbe mlikuwa wawili dhidi yangu," marehemu alisema.

"Tulikuwa wawili."

"Mmoja hajui hata kushika raketi."

Akacheka mpaka akakohoa, na Mama Jenista akamwinua, akamwekea mto. Alipopata pumzi aliuliza, "Na ile gemu moja niliyoipata seti ya pili? Aliniachia?" Mama Jenista akasema hajui, aliyetumwa hakuagizwa habari ya gemu. Ujumbe ukapelekwa Mlowo kwa njia ile ile, kupitia kwa Ruti, na jibu likarudi baada ya siku nne: hapana, ile aliipata kwa mkono wake. Alilala vizuri siku hiyo.

Marehemu alifariki hapa Isongole, kitandani kwake, Jumanne tarehe 19 Februari 1985, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tatu, mkewe akiwa amemshika mguu.

Familia inawashukuru wote mliomuuguza na wote mliokuja. Ndaga. Kwa wale waliosema maneno, familia haina kinyongo nanyi, maana hamkujua. Sasa mmejua. Mama Jenista hawezi kumwambia mkwe wake jambo hili uso kwa uso, hata leo, ndiyo maana ametaka lisomwe kwa sauti, akiwa amekaa hapa na yeye akiwa amesimama pale, ili alisikie.

Marehemu ameacha mjane, Jenista, ndugu wanne, wajukuu watatu, na watoto watano, ambao ni Ipyana, Enesi, Isaka, Tusekile na Lusubilo. Aliyepiga chapa ratiba hii ya mazishi alituuliza kama jina la mwisho halikukosewa mahali, kwa sababu wakwe huandikwa mstari wa chini. Mama Jenista amejibu kwamba liko mahali pake.

Mungu ampokee mzee wetu na kumpumzisha, na maneno nayo yapumzike.